Mabweni yaliyomlea Tom Mboya

Marehemu Thomas Joseph Mboya huzungumzwa sana kwa jinsi alivyokufa. Kila ifikapo tarehe 5 Julai hukumbukwa risasi zilizomwangusha mwaka 1969 mbele ya duka la dawa katika Barabara ya Government jijini Nairobi, ambayo sasa inaitwa Moi Avenue. Hutajwa Njenga Njoroge, aliyehukumiwa kwa mauaji hayo, na huulizwa tena iwapo alikuwa peke yake. Sina nia ya kulirudia swali hilo. Leo napenda kuzungumzia vitanda alivyolalia akiwa mwanafunzi, kwani naamini hatumwelewi vyema mtu huyu tukiianza hadithi yake mwishoni.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la katani la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wazazi wake, Leonardus Ndiege na Marcella Onyango, walikuwa Wajaluo wa kisiwa cha Rusinga waliofuata kazi mbali na kwao. Katika makao ya wafanyakazi wa katani aliishi Mkamba, Mkikuyu, Mluhya na Mjaluo, na watoto wakacheza pamoja. Kwa hiyo alikua akisikia Kijaluo kwa mamaye, na nje ya mlango akisikia Kikamba, Kikuyu na Kiswahili.

Akiwa na umri wa miaka tisa alipelekwa Kabaa, kwenye misheni ya mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu huko Ukambani. Hapakuwa na daftari za kutosha. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi walivyojifunza kuandika kwa kidole mchangani. Mwaka 1942 alihamia St Mary's, Yala, kwa mapadre wa Mill Hill, wale wale waliofungua misheni ya Mumias mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo ndipo napata sababu ya kuingia katika hadithi hii, kwa maana mimi ni mzaliwa wa Musanda, katika nchi ya Wanga, na kutoka kwetu hadi Yala si mbali. Siku hizo sehemu kubwa ya Magharibi ya leo ilikuwa ndani ya Jimbo la Nyanza, na Yala iko pale ambapo Wajaluo wa Gem wanapakana na Waluhya. Kijana wa Kikatoliki kutoka Wanga na kijana wa Kikatoliki kutoka Rusinga wangeweza kulala chini ya paa moja bila yeyote kulistaajabia jambo hilo.

Mwaka 1946 akaingia Holy Ghost College, Mang'u. Shule hiyo ilikuwa imeanzia Kabaa mwaka 1925, kisha ikahamishiwa katika nchi ya Wakikuyu mwaka 1940. Mwaka mmoja baada ya Mboya kufika, akaingia pia kijana kutoka Othaya aliyeitwa Mwai Kibaki. Tazama basi njia ya mtoto huyu: Ukambani, kisha mpakani mwa Wajaluo na Waluhya, kisha kwa Wakikuyu. Ramani ya shule zake tatu inakaribia kuwa ramani ya siasa za Kenya.

Wengi hudhani kwamba shule ni darasa. Mimi, kama mwanaisimu, hudhani kwamba shule ya bweni hasa ni yale masaa yasiyokuwa na mwalimu. Darasani lugha huamriwa, bwenini huchaguliwa. Ni bwenini ambapo wavulana arobaini hulazimika kuafikiana ni nani atakayefagia, ni nani atakayeteka maji, ni nani aliyeruka zamu yake, na mgonjwa ahifadhiwe chakula na nani. Kiranja asiyejua kubembeleza hana nguvu taa zikishazimwa. Mabweni yale hayakuwa paradiso, na sitaki kuyasifu kupita kiasi: kulikuwa na viboko, njaa, na nidhamu ambayo madhumuni yake makubwa yalikuwa utiifu. Wala si kila aliyelala Yala au Mang'u aliamka akiwa mzalendo. Wako waliotoka humo humo wakawa mabingwa wa ukabila. Lakini kwa kijana aliyekuja tayari na masikio yaliyofunguka Kilima Mbogo, mabweni hayo yalikuwa chuo cha pili, na hakikutoa cheti.

Cheti chenyewe kilikoma mapema. Baba yake hakuwa na karo ya kumwendeleza, maana walikuwako wadogo zake waliohitaji kusoma. Mwaka 1948 Mboya akajiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya, ambako wanafunzi wenzake walimchagua awe rais wa baraza lao. Mwaka 1951 akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Ndipo kilipotokea kisa kijulikanacho sana, cha mwanamke wa Kizungu aliyeingia maabara, akamtazama, kisha akauliza kama hamna mtu humo ndani. Kufikia mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, wakati vyama vya kisiasa vya Waafrika vilipokuwa vimefungiwa kwa sababu ya hali ya hatari. Makuli wa Mombasa walipogoma Machi 1955, Mjaluo huyu wa bara alikwenda pwani akasema nao kwa Kiswahili, akawashawishi warudi kazini wakati madai yao yakisikilizwa, na mwishowe wakapata nyongeza ya karibu theluthi moja ya mshahara. Kumsihi mtu mwenye hasira, asiye wa kabila lako, akuamini kwa siku chache ni kazi ambayo kila kiranja mwema wa bweni ameifanya, ijapokuwa kwa jambo dogo kama ndoo ya maji.

Uchaguzi wa 1961 ndio unaonifunza zaidi. Mboya alisimama Nairobi Mashariki, mahali ambapo wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu, na mpinzani wake alikuwa Dkt Munyua Waiyaki, daktari msomi, Mkikuyu wa ukoo mashuhuri. Mboya alishinda kwa kura nyingi mno. Ni wanasiasa wangapi wa leo wanaoweza kuthubutu jambo hilo?

Kabla ya hapo alikuwa ameanzisha safari za ndege zilizowapeleka vijana Marekani kusoma. Kundi la Septemba 1959 lilikuwa na wanafunzi 81, na mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 za nauli. Nauli zililipwa Marekani, lakini pesa za matumizi zilichangwa vijijini, shilingi kwa shilingi, kwa chai na ngoma. Miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960 alikuwamo msichana kutoka Nyeri, aliyetoka shule ya bweni ya masista wa Loreto huko Limuru na kwenda chuo cha Kikatoliki jimboni Kansas: Wangari Maathai.

Alipouawa Mboya alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na umri wa miaka 38. Siku tatu baadaye, katika ibada yake kwenye kanisa la Familia Takatifu, Nairobi, gari la Rais Kenyatta lilipokewa kwa mawe na zogo, na polisi wakafyatua gesi ya machozi. Mtu aliyekuwa amechaguliwa na Wakikuyu alizikwa Rusinga kama shahidi wa Wajaluo peke yao.

Mimi nilisoma katika shule ya bweni ya Kikatoliki miaka ya 1990. Tulikuwa na nyumba zenye majina ya watakatifu, zamu za kufagia, nyimbo na kombe la usafi, na tulipendana kwa dhati. Lakini sera ya katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa imekwisha kuamuru kwamba asilimia 85 ya wanafunzi wa shule kama yetu watoke katika eneo lake. Bweni lilikuwa lile lile, ila waliolala ndani walikuwa majirani. Nilifika chuo kikuu kabla sijawahi kugombana na Mkamba, wala kupatana naye.

Juzi nilikuwa nyumbani Musanda, na mpwa wangu alikuwa amerudi likizo. Nilimwuliza bweni lao husema lugha gani taa zikishazimwa. Aliniheshimu kama mjomba wake, akajibu kwamba ni Kiwanga, kisha akanitazama kwa mshangao, akataka kujua ni lugha gani nyingine ingeweza kuwa.