Mbaraka Mwinshehe

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka (27 Juni 1944 – Januari 1979) alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga gitaa la solo kutoka Tanzania. Asili ya ukoo wake ni Mzenga, Wilaya ya Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani ambao leo makao yake makuu yako Kibaha. Yeye mwenyewe alikulia Morogoro, na watu wengi humhesabu kuwa mtu wa mji huo.

Bendi zake

Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa. Mji ulikuwa na bendi nyingine kubwa, Cuban Marimba. Kiongozi wake, Salum Abdallah, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, kisha ikaongozwa na Juma Kilaza, na ushindani kati ya Kilaza na Mbaraka uliwagawa wapenzi wa dansi. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Japani kupiga muziki kwenye Maonyesho ya Dunia ya Osaka. Mwaka 1973 Mbaraka alianzisha bendi yake, Super Volcano, iliyotumia mtindo wa Masika.

Redio na santuri

Vijana wa miaka hiyo walisikiliza pia soul ya Marekani, hasa ya James Brown. Novemba 1969 mkuu wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam, alipiga marufuku soul katika jiji hilo kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Bendi za nyumbani ndizo zilizotarajiwa kujaza nafasi hiyo, ingawa gitaa za umeme na saksafoni walizopiga hazikuwa na ugeni pungufu kuliko soul yenyewe.

Kituo cha redio kilikuwa kimoja tu Tanzania Bara: Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Pugu, njia ileile iendayo Kisarawe. Bendi zilirekodi katika studio yake baada ya maneno ya nyimbo kukaguliwa. Malipo yalikuwa madogo na kanda zilibaki mali ya kituo. Faida ya mwanamuziki ilikuwa kusikika nchi nzima, kisha kujaza kumbi alikopita.

Redio ilimpa Mbaraka jina, lakini haikumpa kitu cha kuuza. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Mbaraka alikwenda, na huko wimbo wake Shida ukapendwa sana. Kwa sababu hiyo wasikilizaji wa Kenya walimhesabu kuwa wao karibu sawa na Watanzania.

Kifo

Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Ni ajali ya barabarani iliyomwondoa Salum Abdallah pia, na Morogoro haikupata tena wawili kama hao. Baada ya kifo chake nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa Kenya katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho. Kazi alizorekodi redioni zilibaki katika maktaba ya kituo, ambacho sasa ni sehemu ya TBC, na husikika katika vipindi vya zilipendwa.