Dk Burkitt: Aliyevuka mipaka kwa gari la mtumba kuusaka uvimbe wa watoto

KAMPALA. Mwaka 1957, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago aliitwa na mwenzake wa wodi ya watoto amwangalie mgonjwa wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto. Jipu la jino hutokea upande mmoja. Huu ulikuwa uvimbe wa pande nne. Daktari hakujua ni ugonjwa gani. Alimpiga mtoto picha, akarudi kwenye kazi zake.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, kilomita 80 hivi mashariki mwa Kampala, akizungukia wagonjwa wa hospitali ya huko. Alipotupa jicho nje ya dirisha alimwona mtoto ameketi na mama yake, uso umevimba vilevile. Alitoka, akampima, akakuta na tumboni mna uvimbe. Mtoto mmoja angeweza kuhesabiwa kuwa tukio la ajabu. Wawili wenye dalili zilezile, kutoka sehemu mbili tofauti, walimaanisha kuna ugonjwa ambao hakuna aliyekuwa ameufuatilia.

Daktari huyo ni Denis Parsons Burkitt, na ugonjwa huo leo unaitwa kwa jina lake katika hospitali zote duniani.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali ya eneo hilo, na nje ya kazi alipenda kufuatilia ndege. Aliwavalisha pete miguuni, kisha akachora ramani ya mahali kila ndege alipokaa. Mwana alikuja kuitumia tabia hiyo ya baba miaka mingi baadaye, lakini kwa binadamu.

Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia baada ya kupigwa jiwe na watoto wenzake. Aliingia Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi, akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho moja. Wakati huo baba yake mdogo, Dk Roland Burkitt, alikuwa tayari daktari maarufu Nairobi.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndivyo vilivyomfungulia njia. Mwaka 1941 alijiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza, akahudumu Kenya na Somalia. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, makao makuu ya Lango, kaskazini mwa Uganda.

Lira ilimfundisha udaktari wa kijijini, ambako mtu mmoja hupasua, huzalisha, hutibu homa na bado hudaiwa taarifa na serikali. Huko aligundua jambo lililomshangaza. Wanaume wengi wa upande mmoja wa wilaya walikuwa na mabusha, na wa upande wa pili hawakuwa nayo. Badala ya kupasua tu na kuendelea, alianza kumuuliza kila mgonjwa anatoka wapi, kisha akaweka majibu hayo kwenye ramani. Ugonjwa ulifuata maeneo wanakoishi mbu waenezao minyoo ya matende.

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago. Ndiyo maana alipowaona watoto wale wawili mwaka 1957, swali lake la kwanza lilikuwa lilelile la Lira: wanatoka wapi?

Alipekua majalada ya hospitali na kukuta watoto wengine wa namna hiyo. Hata kumbukumbu za Hospitali ya Mengo, zilizoandikwa na Dk Albert Cook tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, zilitaja uvimbe wa taya kwa watoto. Ulikuwepo muda wote, ila kila daktari alimwona mgonjwa wake peke yake, akamzika, akasahau. Mwaka 1958 Burkitt alichapisha taarifa ya kwanza. Wataalamu wa maabara wa Mulago wakathibitisha kuwa hiyo ni saratani ya tezi, na kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumboni ni ugonjwa mmoja.

Kisha akafanya kazi iliyogharimu fedha kidogo sana. Kwa ruzuku ya paundi 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni sehemu mbalimbali za Afrika. Alitaka kujua jambo moja tu: ugonjwa huu mmeuona, au hamjauona? Majibu yaliporudi alichoma pini kwenye ramani ukutani. Pini zilijipanga kama mkanda uliokatiza katikati ya Afrika, ukiwa na mkia ulioshuka upande wa mashariki hadi Msumbiji.

Ramani haikueleza kwa nini mkanda uliishia pale ulipoishia. Ili kujua, ilibidi aende mwenyewe. Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams, aliyefanya kazi Kuluva karibu na Arua, na Cliff Nelson. Walitumia gari la Ford la mtumba lililonunuliwa kwa paundi 250. Kwa majuma 10 walikwenda maili 10,000, sawa na kilomita 16,000, wakapita Tanganyika, Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, Msumbiji na Rhodesia, hadi Afrika Kusini. Walitembelea hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika waliwaonyesha madaktari na wauguzi picha, wakauliza, wakaandika, wakaondoka, kama mfanyabiashara anayepita soko kwa soko kujua bidhaa ipo wapi na haipo wapi.

Jibu lilikutwa kwenye mwinuko wa ardhi. Karibu na ikweta, ugonjwa haukuonekana juu ya futi 5,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyokwenda kusini, kwenye baridi zaidi, ndivyo kikomo hicho kilivyoshuka. Kumbe kilichoamua ni joto na mvua. Ugonjwa ulikuwa wa nyanda za joto na unyevu, kando ya Ziwa Victoria, bonde la Nile na pwani, na ulipungua kwenye milima. Hiyo pia ndiyo ramani ya mbu wa malaria. Mipaka iliyochorwa na wakoloni haikuwa na maana yoyote katika ramani hiyo.

Miezi michache kabla ya safari, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti Anthony Epstein, aliyeomba apelekewe vipande vya uvimbe huo. Vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kuwa wamekuta virusi ndani yake. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo inafahamika kwamba virusi hivyo wanavyo watu wengi duniani bila kuugua saratani. Mtoto anapovipata akiwa mdogo na kushambuliwa na malaria mara kwa mara ndipo hatari inapoongezeka.

Upande wa tiba, mwanzoni Burkitt alikata taya, na uvimbe ukarudi. Mashine ya mionzi haikuwapo Uganda. Kwa kukosa njia nyingine alijaribu dawa mpya za saratani, mara nyingi kwa dozi ndogo kwa sababu wazazi wengi hawakuweza kukaa hospitali au kurudi. Baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache, na wengine walipona kabisa. Katika miaka hiyo, kuponya saratani kwa dawa pekee lilikuwa jambo ambalo madaktari wengi wa nchi tajiri hawakulitarajia.

Burkitt aliondoka Uganda katikati ya miaka ya 1960. Akiwa Uingereza aliendelea kutuma madodoso kwa hospitali za vijijini, safari hii akiuliza kuhusu vyakula na magonjwa ya utumbo, na akawa mtetezi mkubwa wa vyakula visivyokobolewa. Mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Lasker kwa kazi ya saratani. Alifariki dunia Machi 23, 1993, akiwa na miaka 82.

Majina ya waganga wasaidizi na wauguzi waliowatambua wagonjwa na kujaza majibu yake hayakuandikwa popote pa maana, ingawa bila wao ramani isingekuwapo.

Mulago, kazi hiyo ilizaa kituo cha kutibu saratani hiyo mwaka 1967, ambacho ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya sasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeiteua kuwa kituo chake cha umahiri wa saratani, kama Kenya ilivyopewa figo na Tanzania moyo.

Ugonjwa wenyewe bado upo katika nyanda zilezile, ambako pia ndiko zinakopita njia nyingi za biashara za ukanda huu. Uvimbe wa taya au tumbo unaokua haraka, meno ya mtoto yanayolegea bila sababu au jicho linalotokeza nje si mambo ya kusubiri mzigo uuzwe kwanza. Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi zaidi, na ni miongoni mwa zinazotibika vizuri mtoto akifikishwa mapema na kumaliza dozi zote. Wengi wanaopotea ni wale waliochelewa, au walioondolewa wodini nauli ilipokwisha. Mzazi akifika, ataulizwa kwanza anatoka wapi.