Daktari Wilder Penfield na Makovu ya Ubongo

Katika gazeti letu huwa tunasimulia maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kufa zamani. Muhula huu nimemchagua daktari mmoja ambaye jina lake halitajwi sana hapa Kalangalala, ingawa ugonjwa alioushughulikia tunaujua sote. Ugonjwa wenyewe ni kifafa.

Wilder Penfield alizaliwa tarehe 26 Januari 1891 katika mji wa Spokane, Marekani. Baba yake alikuwa daktari, lakini kazi yake haikustawi, na mtoto alipokuwa wa miaka minane mama akamchukua pamoja na ndugu zake wakaenda kukaa Hudson, katika jimbo la Wisconsin. Alisoma Chuo Kikuu cha Princeton hata mwaka 1913, kisha akapata msaada wa masomo wa Rhodes, akaenda Oxford, Uingereza. Huko alifundishwa na Charles Sherrington, bingwa wa mambo ya neva. Mwaka 1916, vita kuu ya kwanza ikiwa imepamba moto, alikuwa ndani ya meli Sussex ikivuka kwenda Ufaransa, nayo ikapigwa kombora na Wajerumani. Aliumia mguu, akapona. Mwaka 1918 akapata shahada yake ya udaktari Johns Hopkins, na baadaye akawa mpasuaji New York.

Hapo New York ndipo alipokutana na jambo lililomkosesha raha. Wagonjwa wa kifafa waliletwa kwake, na baadhi yao walikuwa na makovu ndani ya ubongo. Lakini kovu linaletaje kifafa? Hakuna aliyeweza kumweleza. Alitazama vipande vya makovu hayo kwa hadubini, asione vema seli zilizomo, kwa sababu rangi alizokuwa akizitumia hazikuzishika.

Inafaa nieleze kidogo juu ya ubongo. Zimo seli za neva, ambazo hupelekeana habari kwa umeme na kwa dawa za mwilini. Baina yake zimo seli nyingine nyingi ziitwazo glia. Neno hilo ni la Kiyunani, maana yake gundi. Rudolf Virchow, Mjerumani aliyezitaja mwaka 1856, alizidhani kuwa kama udongo tunaokandika nyumba ya fito: fito ndizo zenye kazi, udongo unajaza nafasi tu. Hata mtu akubali kwamba udongo ni wa kujaza nafasi tu (nami sikubali, maana nimelala katika nyumba isiyokandikwa), glia si hivyo.

Waliozifumbua walikuwa Wahispania. Mwaka 1913 Santiago Ramón y Cajal alipata njia ya kuzipaka rangi seli za glia zenye umbo la nyota, yaani astrosaiti, na rangi yenyewe aliitengeneza kwa chumvi ya dhahabu. Ndiyo, dhahabu hii hii ambayo vijana wetu wanaifuata ndani ya maduara. Mwanafunzi wake, Pío del Río Hortega, akatumia fedha badala ya dhahabu, na kati ya mwaka 1919 na 1921 akaonyesha aina mbili nyingine za glia, maikroglia na oligodendroglia. Penfield alisoma habari hizo, na mwaka 1924 akafunga safari na mkewe hadi Madrid ili ajifunze kwa Hortega mwenyewe. Aliporudi aliweza kuona yale ambayo wengi katika nchi yake hawakuyaona: kwamba ubongo ukijeruhiwa, maikroglia hukusanyika kuondoa uchafu, na astrosaiti huvimba na kujenga kovu.

Mwaka 1928 alikwenda Ujerumani kwa Otfrid Foerster, aliyekuwa akiwapasua askari waliojeruhiwa vichwa vitani. Mwaka 1930 wakatoa maandishi yao pamoja. Walidhani kovu huuvuta ubongo kama kamba inavyovuta turubai, na mvuto huo huleta kifafa. Leo twajua zaidi. Astrosaiti nzima hufyonza potasiamu na glutameti zinazomwagika seli za neva zinapofanya kazi. Katika kovu hushindwa kazi hiyo. Potasiamu na glutameti huzidi, na seli za neva huanza kulipuka zote kwa pamoja. Hicho ndicho kifafa. Kwa maoni yangu Penfield alipata mahali penyewe, ila hakuijua sababu yote.

Jambo hili lanigusa. Baba yangu mdogo alipigwa na jiwe kichwani akiwa duarani. Jeraha lilipona, akarudi kazini, na baada ya miezi kadhaa akaanza kuanguka. Watu walisema amelogwa, na wengine waliyakimbia mate yake, ingawa kifafa hakiambukizwi kwa mate kabisa. Siku moja aliangukia jikoni akaungua mkono. Alipoanzishiwa vidonge alikuwa amekwisha kukaa miaka minne bila dawa, na miaka minne hiyo hakuna aliyemweleza kwamba jiwe lile na kuanguka kule ni jambo moja.

Penfield naye aliguswa nyumbani. Dada yake Ruth alikuwa na kifafa kwa miaka mingi. Desemba 1928, baada ya Penfield kuhamia Montreal, Kanada, alimpasua mwenyewe. Alikuta uvimbe mkubwa uliotokana na oligodendroglia, seli zile zile alizojifunza Madrid. Hakuweza kuutoa wote. Ruth alipata nafuu, lakini ilionekana kwamba kupanga mapishi ya wageni, kipi kitangulie na kipi kifuate, kulimshinda. Alikufa mwaka 1931.

Msiba huo ulimsukuma. Kwa fedha za Rockefeller, mwaka 1934 alifungua Montreal Neurological Institute, na dari ya ukumbi wake wa kuingilia ikapambwa kwa picha za glia. Humo aliwapasua wagonjwa wakiwa macho, kwa maana ubongo wenyewe hausikii maumivu. Aligusa hapa na pale kwa umeme mdogo, mgonjwa akieleza alichosikia, hata akajua pa kukata na pa kuacha. Aliacha kuongoza mwaka 1960, akafa tarehe 5 Aprili 1976.

Mwaka ule ule wa 1960 kliniki ya kifafa ilianzishwa Mahenge, hapa kwetu, na daktari wa asili ya Norway, Louise Jilek-Aall, aliyewakuta Wapogoro wengi wana ugonjwa huu. Uchunguzi wa baadaye umeuhusisha kifafa cha huko na usubi. Aliwatibu wengi kwa fenobabitali, dawa ya tangu mwaka 1912, ambayo hata leo hutolewa. Lakini karibu theluthi moja ya wagonjwa wa kifafa duniani hawatulizwi na dawa zilizopo. Nyingi ya dawa hizo hulenga seli za neva tu, na ndiyo sababu wachunguzi wa siku hizi wamezirudia zile seli za gundi.