Joe Hill, mhamiaji aliyewatungia nyimbo wagomaji

Kama umewahi kutafuta kibarua ugenini, utamwelewa Joe Hill. Alizaliwa Gävle, Uswidi, mwaka 1879. Alifiwa na baba akiwa mdogo, akaanza kazi utotoni. Mwaka 1902 alihamia Marekani, akaishi kwa vibarua, baadaye akajiunga na chama cha wafanyakazi cha IWW. Mafundi wa reli ya Southern Pacific walipogoma mwaka 1911, aliwatungia wimbo. Alichukua tuni ambazo watu walishazijua, nyingine za kanisani (wengine hawakufurahi!), akaweka maneno yake, na kila mgomaji akaweza kuimba. Mwaka 1915 alipigwa risasi na serikali ya Utah kwa kesi ya mauaji inayobishaniwa hadi leo. Majivu yake yaligawanywa kwenye bahasha, yakatumwa kwa wanachama wenzake.