Sayyid Abdalla na Magofu ya Pate

Nilipokwenda Pate mara ya kwanza, mashua yetu ilingoja maji yajae ndipo ikapenya mikokoni. Nilikuwa na daftari, nia yangu kuandika habari za magofu. Nilirudi Lamu na kurasa mbili za vipimo vya kuta, wala hapakuwa na neno hata moja la ule ubaridi ulionishika moyoni. Tangu siku hiyo nimezidi kumstahi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Bwana huyu alikuwa sharifu wa ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, Hadhramaut. Aliishi Pate karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, wakati utajiri wa mji ulipokuwa ukiporomoka. Vita vya Shela, yapata 1812, viliuvunja mji nguvu. Ametuachia takhmisi ya Liyongo, lakini lililomjengea jina ni Al-Inkishafi, utenzi ambao ndani yake anauonya moyo wake mwenyewe usihadaike na dunia.

Tazama, ndugu msomaji, anavyoifanya kazi yake. Hasemi kwamba nyumba inatisha akaishia hapo. Kwanza anatuwashia taa hata usiku ukawa kama mchana. Anapanga sini madakani, anatandika magodoro vitandani, anawaweka watumishi wa kuwapepea mabwana. Tukisha kuzoea raha, anazizima taa zote. Madaka ya sini sasa wamelala makinda ya ndege. Bundi analia ndani. Palipokuwa na mazungumzo panavuma mende na nyenje, na kiwanja kimeota mwitu. Hata mlango ulio wazi unamtia mtu hofu kwa kiza kilichomo. Nani asiyekuwa na nyumba ya wazee wake anayoikumbuka hapo?

Mimi madaka nami niliyaona. Nikayahesabu!

Tena siku ile palikuwa na mzee mmoja akipalilia tumbaku ndani ya kuta zilizokuwa ukumbi wa watu wakubwa. Alinikaribisha, nikamjibu kwa haraka kwa kuchelea maji yasitoke. Sikumwandika, nikidhani hahusiki na magofu. Sayyid Abdalla asingempita.

Inshallah msimu ujao nitarudi. Nitaomba mahali pa kulala, nikae kitako na yule mzee mpaka magharibi ipite, niusikie mji wake.