Mtumwa Aliyeidai Katiba

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifunza historia katika shule moja ya upili, mwanafunzi aliniuliza katiba ina faida gani ikiwa walioitunga ndio wa kwanza kuivunja. Sikuwa na jibu. Swali hilo lilinisumbua hadi niliposoma maisha ya Frederick Douglass, Mwamerika mweusi aliyelikabili swali lilo hilo akiwa na makovu ya mijeledi mgongoni.

Douglass alizaliwa utumwani katika jimbo la Maryland mwaka wa 1818. Siku yenyewe hakuijua kamwe, kwani mtumwa hakuwekewa kumbukumbu ya namna hiyo. Mamake alitumikishwa katika shamba jingine, akawa humwona kwa nadra, tena usiku tu. Alipopelekwa mjini Baltimore, mke wa bwana wake alianza kumfunza alfabeti. Mume alipogundua alipiga marufuku, akidai kwamba mtumwa aliyesoma hafai tena kutumikishwa. Mtoto aliyasikia hayo, akatambua papo hapo njia ya uhuru ilikokuwa. Tangu hapo aliwapa watoto maskini wa Kizungu mkate, nao wakamlipa kwa herufi. Walimu wenzangu, sijui karo iliyowahi kuzaa matunda kuliko ile.

Septemba 1838 alitoroka kwa gari la moshi, amevaa kibaharia na kubeba hati za kuazima. Mwaka wa 1845 alichapisha kitabu cha maisha yake, nacho kikamfichua, ikambidi akimbilie Ireland na Uingereza. Marafiki wa huko walichanga fedha wakamnunulia uhuru wake, akarejea na kuanzisha gazeti mjini Rochester mwaka wa 1847.

Hapa ndipo penye funzo. Mlezi wake wa kisiasa, William Lloyd Garrison, aliamini kwamba katiba ya Marekani ilikuwa mkataba wa kulinda utumwa na ilistahili kutupiliwa mbali. Hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Katiba ile iliwahesabu watumwa kwa tatu ya tano tu ya idadi yao katika kugawa viti vya bunge, na iliagiza watoro warudishwe kwa mabwana zao. Mwanzoni Douglass alikubaliana naye. Baada ya kuisoma upya, mwaka wa 1851 alitangaza kwamba amebadili msimamo. Neno mtumwa halikuwamo humo, na dibaji yake ilitaja watu bila kutaja rangi. Basi aliyeihalifu ni mwenye watumwa, na aliyebaguliwa ana haki ya kuidai. Msimamo huo ulimgharimu urafiki wa Garrison.

Mwaka wa 1857 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Dred Scott, kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Douglass hakukata tamaa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1861, alishikilia kwamba weusi waandikishwe jeshini, na wanawe wawili wakajiunga. Hatimaye katiba ilirekebishwa mara tatu: mwaka wa 1865 utumwa ukakomeshwa, mwaka wa 1868 waliozaliwa nchini humo wakatambuliwa kuwa raia walio sawa mbele ya sheria, na mwaka wa 1870 ikakatazwa kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi.

Wanawake waliachwa nje, ingawa Douglass alikuwa ameitetea kura yao tangu mkutano wa Seneca Falls wa 1848. Naye aliishi kuona weusi wa kusini wakipokonywa tena walichopewa. Alifariki tarehe 20 Februari 1895, siku aliyohudhuria mkutano wa haki za wanawake.

Hata hivyo, maandishi yale yalibaki. Mwaka wa 1954 wakili Thurgood Marshall aliyatumia kuangusha ubaguzi katika shule za umma. Ni Marshall huyo huyo aliyewashauri viongozi wetu kuhusu haki za kimsingi katika mazungumzo ya Lancaster House, London, mwaka wa 1960.

Ningekutana na mwanafunzi wangu leo, ningemjibu hivi: katiba ikivunjwa na wenye nguvu, haiwi mali yao. Wahenga walinena kwamba mnyonge hana haki. Douglass alikataa kuyakubali hayo, akajifunza kusoma, kisha akaisoma katiba kwa niaba ya wanyonge wote. Nasi tuisome.