Rumanika wa Karagwe na Joho Lake

Rumanika mwana wa Ndagara alitawala Karagwe katika karne ya 19, na makao yake yalikuwa Bweranyange. Baba yake alipokufa, ndugu yake Rogero aliutaka ufalme, wakapigana. Katika shida hiyo alisaidiwa na Musa Mzuri, tajiri Mwislamu, Mhindi wa Surat aliyekaa Unyanyembe; wala Rumanika hakuusahau wema huo. Wafanyaji biashara wa pwani wakapata kituo Kafuro, wakaleta nguo na shanga, wakachukua pembe.

Msomaji ajue kwamba zama hizo vazi la Karagwe lilikuwa ngozi ya ng'ombe iliyotiwa weusi. Nguo ya kufumwa ilitoka mbali, na aliyeivaa alionekana kuwa ana mkono na watu wa mbali.

Hata tarehe 25 Novemba 1861, Speke na Grant, Waingereza, walipoingia barazani, walimkuta mfalme ameketi, miguu ameikunja, amevaa joho jeusi la Kiarabu. Miguuni alikuwa na soksi za shanga za rangi, mikononi bangili za shaba. Akawaamkia kwa Kiswahili kizuri. Kando yake alikaa nduguye Nnanaji, mganga, amejitanda nguo ya mirabamiraba na hirizi tele. Na nyuma yao, kimya, wana wa mfalme waliojifunga ngozi viunoni tu. Baraza moja, na mavazi ya namna tatu, wala hapana aliyeona ajabu.

Isidhaniwe kuwa joho lilimtoa katika mila. Mwezi ulipoandama alivaa taji ya shanga yenye manyoya mekundu juu ya paji, na ndevu kubwa nyeupe zilizoshikizwa kwa ukanda wa shanga, zikapangwa ngoma 35 mbele yake. Siku hiyo raia hawakumtazama rafiki wa Waarabu. Walimtazama mrithi wa Ruhinda.

Naye hakusilimu. Joho lilikuwa alama ya urafiki na ya fadhila aliyotendewa, si ya shahada. Aliyemhesabu Mwislamu kwa nguo alikosea, na aliyemdhani mgeni katika nchi yake alikosea zaidi.

Mwaka 1876 Stanley naye alifika kwake, akaonyeshwa nyumba ya hazina yenye mikuki na sanamu za ng'ombe. Miaka michache baadaye Rumanika alifariki, na warithi wake wakaingia katika fitina ya kugombea kiti.